SHAMBA SI MSHAHARA, NA CHAI SI CHAKULA



Maneno mawili yanazunguka siku hizi katika landhi na katika vibanda vya magenge, na yote mawili yafaa kujibiwa upesi, maana yanatuumiza. La kwanza hutoka upande wa mwajiri kila tuketipo mezani kudai nyongeza. "Ninyi watu wa Kericho," huambiwa wajumbe wetu, "si maskini kama mnavyojifanya. Mna mashamba nyumbani. Mwala mahindi yenu na kunywa maziwa yenu. Mshahara ni wa sukari na karo tu." La pili hutoka kwa wenzetu wenyewe, tena kwa nia njema: "Ya nini mke kuhangaika na managu na kuku? Ng'oa yote, panda chai mpaka mlangoni. Chakula kitanunuliwa dukani bonasi ikija."

Twasema maneno haya mawili, ingawa yaonekana kama hayajuani, yamezaliwa nyumba moja. Yule wa kwanza ataka kulila shamba letu kwa kalamu kabla hatujalivuna. Huyu wa pili ataka kulifunga shamba lote kwa mnunuzi mmoja, liwe kama mshahara wa pili, wenye bwana wa pili. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza watoto watakula nini mwezi wa sita, wakati mahindi mapya bado ni mabichi na ghala limebaki na panya.

Tuanze na mwajiri, kwa kuwa deni lake ni la zamani.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipokea taarifa ya Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Carpenter. Watu wale hawakuwa wa chama chochote cha wafanyakazi, wala hawakutupenda kupita kiasi, lakini waliandika jambo ambalo wazee wetu walikuwa wakilisema miaka yote: kwamba mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, na kwamba wengi mjini hawakupata hata kiasi cha kumtosha mtu huyo mmoja. Jamaa yake ilihesabiwa kuwa inalishwa na shamba huko rizavu. Kamati ikasema desturi hiyo iachwe, mshahara uwe wa kulisha jamaa. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 70. Hesabu ile ile bado yatembea, ila sasa imevaa tai.

Angalieni kilichofichwa ndani ya hesabu hiyo. Nani alilima shamba la rizavu? Mama. Nani alibeba maji, akakamua, akapalilia na mtoto mgongoni? Mama. Basi mume alipofanya kazi relini kwa mshahara wa mtu mmoja, na mke akalisha watoto kwa jembe, ni jembe la mama lililokuwa likiilipia reli. Hakuna karani aliyeandika jina lake katika kitabu cha mishahara. Na leo mtu akituambia "mna mashamba", maana yake ni hiyo hiyo: mke wako afanye kazi bure ili mimi nikulipe kidogo.

Kwa hiyo shamba lisitajwe mezani kamwe. Mshahara ni bei ya kazi tuliyoifanya, basi. Meneja mwenye nyumba za kupangisha mjini hakatwi mshahara kwa sababu ya kodi anayokusanya, wala hatujasikia hata siku moja akiulizwa ana ng'ombe wangapi. Sisi kwa nini tuulizwe?

Wako wenzetu wa chama ambao wakisikia hapo husema: "Ikiwa ni hivyo, tuache kabisa habari za mashamba. Kila kabichi tunayopanda ni kisingizio kwa mwajiri. Tudai mshahara wa kutosha, tununue chakula kama wafanyakazi wa Ulaya." Hoja hii si ya kipumbavu, na twaiheshimu. Lakini tuwaulize: huo mshahara wa kutosha utadaiwa kwa nguvu gani?

Mombasa, Januari 1947, watu wa gati na wa reli pamoja na wengine, jumla kama 15,000, waligoma kwa siku 12. Aliyewahi kugoma popote ajua kwamba swali gumu la siku ya nne si polisi. Ni sufuria. Mwajiri ana akiba. Huketi akingoja sufuria ya mgomaji ikauke. Mwenye watoto watano wanaolishwa na duka, na duka lenyewe limeanza kukataa mkopo, atarudi kazini kabla ya Jumapili, na si haki kumwita msaliti. Lakini yule ambaye nyumbani kwake kuna ndizi, kuna maziwa, kuna viazi ardhini visivyohitaji pesa kuchimbwa, huyo aweza kukaa. Mwajiri anayedhani shamba ni la kupunguzia mshahara na ajue kwamba shamba hilo hilo ndilo ghala la mgomo.

Tena si mgomo tu. Mwaka 2006 reli ya Kenya ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na maelfu ya watu wa reli wakaondolewa kazini. Mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa, na watu wakashika vichwa tena. Njia ya zamani ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu, ipitayo kwetu Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria hadi iliporekebishwa mwaka 2021. Wako kati yetu waliokaa miezi bila mshahara chini ya mwajiri mmoja, huku wakiambiwa kila wiki kwamba pesa ziko njiani. Pesa kweli zilikuwa njiani, lakini treni yake haikuwa na injini. Katika miezi ile kila mtu aliona wazi ni boma gani lililokula na ni boma gani lililouza mabati ya jikoni.

Sasa tuwageukie wale wa "chai mpaka mlangoni".

Kwanza tuseme wazi, mtu asije akatupakazia: hatuna ugomvi na mchai. Babu zetu walizuiwa kuupanda. Makampuni yalianza mashamba makubwa ya chai Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi iliyotwaliwa, na Mwafrika akawa mchumaji wa majani ya mwingine, mpaka Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoufungua mlango. Mwaka 1960 kikaundwa chombo cha kusimamia mazao ya wakulima wadogo, na 1964 ikaja KTDA. Watoto wengi wa Kericho na Bomet wamesoma kwa chai. Mchai wafaa hasa penye mteremko, maana hushika udongo, nasi watu wa genge tunaozibua mitaro ya reli kila masika twajua thamani ya mmea unaoshika udongo. Uwe na sehemu yake. Tunachokataa ni hilo neno "mpaka mlangoni".

Mchai mchanga hukaa kama miaka 3 kabla ya kuchumwa vizuri. Ukiisha kukomaa, wewe mwenye shamba huamui bei. Wapeleka majani kituoni, wapewa kidogo kila mwezi, na kilichobaki ni bonasi, ambayo hujulikana baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi wa Juni. Hapo katikati kuna mbolea ya mkopo inayokatwa, kuna mchumaji anayelipwa kwa kilo, kuna mnada wa Mombasa, kuna bei ya dola. Kuna pia mvua ya mawe, na Kericho ni kati ya mahali duniani panapopigwa mara nyingi zaidi na mvua hiyo. Nusu saa yatosha kuacha shamba zima limebaki vijiti. Mwaka 2025 bonasi ya upande wetu, magharibi ya Bonde la Ufa, ilishuka ikawa chini mno kuliko ya wenzetu wa mashariki, na wakulima wa Kericho na Bomet wakatoka kulalamika hadharani. Walikuwa na haki. Lakini mwenye chai na ng'ombe na viazi alikasirika, akaenda nyumbani akala. Mwenye chai peke yake alikasirika, akaenda nyumbani akaomba mkopo wa unga.

Wala msidhani kosa ni la chai. Zao lolote likiachwa peke yake hufanya hivyo hivyo, na nchi yetu ina makaburi mengi ya mazao ya peke yake.

Zamani nafaka ya Wakipsigis ilikuwa wimbi. Mahindi yaliposhika wakati wa ukoloni yalipendwa kwa sababu yalizaa sana na yalikuwa na soko, kwa kuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa walilishwa posho. Wimbi likasukumwa pembeni. Shamba baada ya shamba, mahindi kwa mahindi, mwaka nenda mwaka rudi. Kisha mwezi wa Septemba 2011, huko Longisa katika Bomet, majani ya mahindi yakaanza kuwa ya manjano kutoka ukingoni, moyo wa mmea ukakauka, na magunzi yakatoka bila punje. Ulikuwa ugonjwa mpya katika nchi hii, wa virusi viwili vinavyoushambulia mmea kwa pamoja, vikienezwa na wadudu wadogo na kwa mbegu. Dawa yake haikuwapo. Wataalamu wakasema: ng'oeni yaliyougua, msirudie mahindi msimu baada ya msimu, pandeni viazi, maharagwe, mboga. Ushauri mzuri kwa mtu aliyekuwa navyo. Kwa aliyekuwa na mahindi peke yake, ilikuwa kama kumwambia mtu anayezama ajifunze kuogelea.

Wazee wa Londiani na Mau wanakumbuka pareto. Wakati mmoja Kenya ndiyo iliyouzia dunia sehemu kubwa ya pareto yote. Watu walichuma maua, wakayakausha, wakayapeleka. Na baada ya mwaka 2000 wengi wakapeleka bila kulipwa, wakangoja miaka, mwisho wakang'oa. Wa Kipkelion na Fort Ternan wanakumbuka kahawa. Mkataba wa dunia uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika Julai 1989, bei ikaanguka, na sheria ikawa inamkataza mkulima kung'oa mibuni bila kibali. Mmea haumlishi, tena hana ruhusa ya kuuondoa! Wenye akili walipanda maharagwe kati ya mistari, wakanyamaza.

Na kware je? Tumesahau? Mwaka 2013 watu walichukua mikopo kununua kware, ati yai moja latibu magonjwa yote. Mwaka 2014 mayai yalikuwa hayana mnunuzi, na ndege waliokuwa wameitwa dhahabu waliachiliwa kichakani. Siku hizi kelele ni za parachichi. Parachichi ni mti mzuri, na miti mitatu kando ya boma yafaa sana. Anayekuja na karatasi ya rangi akitaka ujaze ekari nzima, muulize kwanza kama yeye ameacha kununua mboga.

Na hilo duka linalosifiwa, tulitazame. Mei 2017 unga ulipotea madukani, serikali ikalazimika kuleta pakiti ya kilo 2 ya shilingi 90, na watu wakapigana foleni. Katikati ya 2022 pakiti hiyo hiyo ilipita shilingi 200, ikateremshwa hadi 100 mwezi wa Julai kwa muda mfupi, uchaguzi ukiwa karibu, kisha ikapanda tena. Mshahara wetu haukupanda na kushuka hivyo. Ulikaa pale pale kama behewa lililosahauliwa kwenye njia ya pembeni.

Sasa tuseme boma tunalolitaka ni la namna gani, maana kulaumu tu si kazi.

Chukueni boma la mwenzetu mmoja wa genge, ekari moja na nusu, si mbali na soko la Chepseon. Kwenye mteremko ana nusu ekari ya chai. Kwa nafasi ya futi 5 kwa futi 2 na nusu hiyo ni michai kama 1,740, na mkewe na kijana mmoja waweza kuichuma bila kuajiri watu. Nusu ekari nyingine ni ya mahindi na maharagwe, lakini haikai hivyo kila mwaka: sehemu moja ikitoka mahindi huingia viazi, penye viazi huingia kabichi au maharagwe matupu, ili ugonjwa wa mahindi usikute nyumba yake ile ile, wala mnyauko wa viazi. Robo ekari ni nepia. Robo iliyobaki ni nyumba, zizi, migomba, mboga, kuku, na mizinga miwili ya nyuki karibu na ua.

Ng'ombe ni mmoja, wa gredi. Hapa wengi hukosea wakanunua wawili. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hula kilo 60 na zaidi za nepia mbichi kwa siku, na robo ekari haimtoshi hata kidogo. Yule mwenzetu hujaza pengo kwa mabua ya mahindi aliyoyakausha na kuyaweka darini, kwa marando ya viazi vitamu, kwa vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa, na kwa majani ya kando ya njia. Ng'ombe wa pili angekula pesa yote ya yule wa kwanza.

Tazameni jinsi kitu kimoja kinavyokilisha kingine. Samadi ya zizi hurundikwa chini ya kivuli cha migomba na kufunikwa majani, kwa sababu jua na mvua huiba nguvu yake. Kisha huenda kwenye viazi na mboga, na gunia la mbolea ya dukani hupungua. Maharagwe yenyewe hurudisha nguvu ardhini kwa mizizi yake. Maganda ya viazi huenda kwa ng'ombe, makapi ya maharagwe huenda kwa ng'ombe, na kuku hufuata nyuma wakiokota funza. Wataalamu wa ICIPE walioko Mbita, ng'ambo ile ya Nyanza, waligundua jambo ambalo twapenda kila mwenzetu alijue: ukipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mabua; ukizungusha nepia nje, nondo hao hwenda kutaga huko, na funza wengi hufia humo. Viwavijeshi vilivyoingia Kenya mwaka 2017 navyo hupungua. Na desmodiamu yenyewe ni chakula kizuri cha ng'ombe. Chupa ya dawa haikununuliwa, ng'ombe ameshiba.

Tena angalieni mwaka unavyokwenda. Mahindi ya juu huku hupandwa Machi au Aprili, na kwa baridi yetu hayawi tayari mpaka karibu mwisho wa mwaka. Mwenye mahindi tu huanza kununua Mei. Lakini maharagwe yaliyopandwa siku ile ile yako mezani kufikia Juni au Julai. Viazi huja baada ya miezi 3 au 4. Managu na saga huanza kukatwa majuma machache baada ya mvua. Malenge huwekwa darini yakakaa. Ndizi haziulizi mwezi. Na kuku huuzwa Januari mtoto akihitaji sare. Kuku nao wataka chanjo ya kideri, tone moja jichoni, na kurudiwa kila miezi 3 au 4. Ni shilingi chache, na ni ajabu jinsi mtu anavyoacha kuku 30 wafe kwa kukosa shilingi hizo, kisha akasema kuku wana mkosi.

Sasa twafika penye mwiba. Boma la namna hii lina kazi nyingi kuliko chai tupu. Mwanamume akikaa Londiani au Nakuru akaandika kwa simu "fuga, panda, zungusha", mwili unaochoka si wake. Twajua pia pesa hupita njia gani. Namba ya mkulima wa chai mara nyingi iko katika jina la baba, na bonasi huingia huko. Maziwa ya asubuhi huenda kwa ushirika, na hesabu ni ya baba. Kwetu maziwa ya jioni ni ya mama, na mboga na kuku ni vyake, na ndivyo vinavyonunua chumvi, daftari na dawa. Basi yule anayesema "ng'oa managu, uza kuku, panda chai", hata asipojua, anahamisha mfuko wa mama kuutia katika mfuko wa baba, kisha anamwacha mama na jiko lile lile. Wake zetu wengi wameliona jambo hili siku nyingi. Wanapogoma kung'oa bustani twasema ni wakaidi.

Kwa hiyo twataka mume awepo wakati wa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Likizo hizo zagawanywa namna gani? Kwa kupenda kwa bwana mkubwa. Mtu hupewa Agosti, hana la kufanya isipokuwa kuhesabu ng'ombe wa jirani; Machi mvua ikianza huambiwa hakuna wa kushika zamu yake. Hii yaweza kubadilishwa bila kuongeza senti moja katika mishahara. Zamu za likizo zipangwe mapema, na kila mwenye shamba apate walau wiki moja ya kupanda na wiki moja ya kuvuna, kwa mzunguko, ili kazi ya reli isilale. Tukiidai pamoja hawana jibu.

Kuna na jambo la ardhi iliyo kando ya stesheni. Wengi wetu tunaokaa landhi tumelima vipande vidogo vya sukuma na maharagwe, na kila akija mkubwa mpya twaambiwa tung'oe. Twataka ruhusa ya maandishi, yenye ramani, kwa vipande visivyotumika. Nasi kwa upande wetu tushike utaratibu: mahindi yasipandwe karibu na mahali barabara inapokata reli, maana yakirefuka dereva wa injini haoni gari na mwenye gari haoni injini. Hapo panafaa maharagwe na viazi vitamu, mimea ya chini. Wala mtu asilime mpaka ukingo wa mtaro. Udongo ukishuka ni sisi wenyewe tutakaouzoa usiku wa mvua.

Mambo matatu haya yatapelekwa katika mkutano ujao wa tawi: kwamba wajumbe wetu wakatae kujibu swali lolote juu ya mashamba yetu wakati wa kujadili mishahara, kwamba zamu za likizo zifuate mvua, na kwamba vipande vya stesheni vipewe maandishi. Mwenye kupinga na apinge hapo mkutanoni, asipinge kwenye kibanda cha chai. Wake za wanachama wamealikwa, na watapewa nafasi ya kusema kabla ya sisi, kwa kuwa wao ndio wanaolijua jambo lenyewe.

Tena kutakuwa na kubadilishana mbegu. Wengine wameuliza kama si kosa, na wana sababu: sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 ilitishia kifungo cha miaka 2 na faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa habari za mbegu zisizosajiliwa. Wakulima walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mwenye mbegu za saga, managu, wimbi au malenge azilete zikiwa kavu, zimefungwa katika karatasi na kuandikwa jina. Viazi vilivyotoka shamba lenye mnyauko visiletwe kabisa, hata kama ni vikubwa. Marando ya viazi vitamu yafungwe katika gunia lililoloweshwa, maana kutoka Chepseon hadi stesheni ya Kipkelion jua laweza kuyakausha.